Mjadala: Ua lililo hatarini kutoweka na mgodi wa lithiamu wa Nevada, nani apishe?

Wadau, naleta suala hili jamvini kwa sababu kila likiguswa watu hujigawa makundi mawili, wapenda maua na wapenda maendeleo, kisha hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nayataka magari ya umeme, ambayo betri zake zinahitaji lithiamu, na bado nasema shimo la mgodi huo, uitwao Rhyolite Ridge, lisichimbwe pale.

Kwa asiyelifahamu: Eriogonum tiehmii ni mmea mdogo wa jangwani, katika milima ya Silver Peak, jimbo la Nevada, Marekani. Duniani kote unaota hapo tu, kwenye vipande vya ardhi ambavyo ukivijumlisha unapata kama hekta nne. Mtaalamu wa mimea Arnold Tiehm ndiye aliyeugundua mwaka 1983. Majani yake ya kijivu yametandaa chini, juu ya udongo mweupe mweupe unaoishinda mimea mingi. Msimu wake ukifika huchomoza vishina vitupu, kila kimoja kikiwa na kitufe cha vijiua vya manjano hafifu kichwani. Udongo huo una boroni na lithiamu, na kampuni ya Ioneer ya Australia inaitaka.

Desemba 2022 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani iliutangaza mmea huu kuwa hatarini kutoweka. Ilitenga pia takriban hekta 368 kama makazi yake muhimu, yaani yale maeneo unapoota pamoja na mita 500 kuyazunguka, kwa ajili ya nyuki na wadudu wengine wanaouchavusha. Oktoba 2024, Ofisi ya Usimamizi wa Ardhi, iliyo chini ya wizara moja na idara hiyo, ikauidhinisha mgodi. Mimea yenyewe haitang'olewa, lakini karibu sehemu moja ya tano ya makazi hayo itakwenda na mgodi. Wanamazingira na watetezi wa ardhi ya Western Shoshone, jamii ya wenyeji asilia wa eneo hilo, wakafungua kesi mwezi huohuo.

Hapo ndipo ninapogoma. Kuuacha mmea umesimama ukingoni mwa shimo, vumbi likiuangukia na ardhi ya wadudu wake ikichukuliwa, si kuulinda. Bila mchavushaji mbegu zitapungua, na mmea unaweza kufifia miaka mingi bila hata mmoja kukanyagwa na tingatinga.

Kuna hoja kwamba mmea huu umeshajifia wenyewe. Ni kweli, mwaka 2020 zaidi ya mimea 17,000 iliharibiwa, mizizi ikiwa imefukuliwa na kutafunwa. Wengine walishuku mkono wa mtu, ila vipimo vya vinasaba vikaonyesha ni wanyama wagugunaji. Kwangu hilo linazidisha sababu ya kuulinda. Kiumbe ambacho wagugunaji wanaweza kukipunguza kiasi hicho kwa msimu mmoja hakina akiba ya kuhimili na mgodi juu yake.

Wengine wanasema uoteshwe kwenye kitalu, na kampuni inaotesha miche kweli. Sisi Watanzania tuna somo la karibu, wale vyura wa korongo la Kihansi. Maji ya maporomoko yalipoelekezwa kwenye umeme mwaka 2000, chura aliyekuwa akiishi kwenye manyunyu yale tu akaporomoka, na 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa kuwa baadhi walipelekwa kutunzwa Marekani, wakaanza kurudishwa 2012. Lakini alirudishwa kwenye korongo lilelile, manyunyu yakitoka kwenye mabomba. Huu mmea utarudishiwa udongo gani, ukishachimbwa na kusafishwa madini?

Hoja inayonipa shida kweli ni ya tabianchi, kwa sababu ukame na mafuriko yanatuumiza sisi kabla ya wengi. Lithiamu inahitajika. Lakini lithiamu ipo kwingi: kaunti hiyohiyo ya Esmeralda ina mgodi wa Silver Peak unaoitoa tangu miaka ya 1960, kaskazini mwa Nevada kuna Thacker Pass, na hata Manono kwa ndugu zetu wa Kongo ipo. Mmea huu hauna pa pili.

Mnaounga mkono mgodi, naomba mnijibu bila kuzunguka: sehemu moja ya tano ya makazi mmeona sawa. Je, kampuni ikirudi kuomba robo, au nusu, mtakataa kwa kigezo gani?