Naomba ushauri: Krasnogorsk-3 na fremu ya 16:9

Wakuu, habari zenu. Nina Krasnogorsk-3, ile kamera ya Kisovieti ya filamu ya milimita 16, inayojazwa ufunguo kama saa ya ukutani. Mashine ngumu, haina makuu. Shida iko kwenye tundu la kuchungulia: linaonyesha fremu yote ya 1.37 (upana ni mara 1.37 ya kimo), wakati kazi yangu itaishia kwenye skrini ya 16:9.

Nimepiga hesabu. Fremu ni mm 10.26 kwa 7.49. Nikibakiza upana wote, kimo kinakuwa mm 5.77, yaani napoteza mm 0.86 juu na vivyo hivyo chini. Kwenye karatasi ni kitu kidogo, ila rola ya kwanza nilikadiria kwa macho, shangazi akatoka hana kilemba.

Nafikiria kuchora mistari miwili ya penseli kwenye kile kioo cha ukungu, kilichomo ndani ya kamera, ambapo picha hutokea unapochungulia. Lakini nikikitoa naogopa kisirudi palepale, fokasi ikahama. Rafiki kanishauri nibandike plastiki angavu yenye alama. Je, ikae upande wa jicho au wa lenzi? Na aliyewahi kuchora, alitumia penseli gani isiyofutika?