Siku tano Ziwa Turkana na watoto: naomba ushauri wa hema na mizunguko

MamaZawadi
Hamjambo wadau. Shule zikifungwa Desemba tunataka kwenda Ziwa Turkana: mimi, baba watoto, na watoto wawili wa miaka 9 na 12. Tutapiga hema Loiyangalani siku tano, kila asubuhi tutoke, jioni turudi. Nimeandika Kisiwa cha Kati wakaone mamba, hifadhi ya Sibiloi, jangwa la Chalbi, Mlima Kulal na kijiji cha Waelmolo. Mkubwa amesoma habari za Mvulana wa Turkana, yule mtoto wa kale ambaye mifupa yake ilifukuliwa huko, na hanipi raha, anataka kuona alikofukuliwa. Gari letu linavuta magurudumu yote manne. Je, yote yatawezekana? Na hema la kawaida litafaa?

DerevaWaNyika
Dada, umechanganya ng'ambo mbili. Loiyangalani iko mashariki ya ziwa. Kisiwa cha Kati watu huenda kwa boti kutoka upande wa magharibi, Kalokol au Eliye Springs, na huko unapitia Lodwar. Nariokotome pia, alikopatikana yule mvulana mwaka 1984, iko magharibi. Ziwa lina urefu wa karibu kilomita 250. Kulizunguka kwa gari ni safari nyingine kabisa. Ukishika mashariki, Kisiwa cha Kati kiache.

Sibiloi nayo si ya kwenda na kurudi siku moja kutoka Loiyangalani. Watoto watakula vumbi kutwa, wakifika jua limekwisha. Ipe siku mbili kati ya zile tano, mlale humo humo hifadhini. Koobi Fora, mahali humo hifadhini panapofukuliwa mifupa ya kale iliyogeuka mawe, itamfurahisha huyo mkubwa, na kuna magogo ya miti iliyogeuka mawe mamilioni ya miaka iliyopita. Mwambie pia aliyeona kipande cha kwanza cha Mvulana wa Turkana ni Mkenya mwenzetu, Kamoya Kimeu.

MzawaWaLoiyangalani
Karibuni kwetu, mama. Nitasema habari ya upepo, maana ndio unaowarudisha wageni nyumbani kabla ya siku zao. Mchana unaweza kutulia ukadhani watu wametia chumvi. Usiku unashuka kutoka Kulal na kuvuma hadi asubuhi. Si bure kwamba mitambo 365 ya umeme wa upepo ilisimamishwa huku kwetu, upande wa Sarima.

Ardhi ni mawe meusi ya volkano. Kigingi chembamba kinapinda kabla hakijaingia nusu. Kila kamba ifunge kwenye jiwe la ukubwa wa kichwa, kisha laza jingine juu yake. Hema liwe fupi, liwe nyuma ya ukuta au mikoma, mlango utazame ziwani. Kuna wageni walikuja na hema refu la kusimama ndani. Alfajiri niliwakuta wamekaa garini wanne, chuma kimoja kimetoboa kitambaa, na sufuria yao imenasa kwenye miiba mbali kule.

Viatu vikung'utwe kila asubuhi, nge wapo na nyoka wa mchangani wenye sumu wapo. Usiku hata hatua tatu, shika tochi. Maji ya ziwa yana magadi na floraidi nyingi, kwa hiyo beba ya kunywa. Na watoto wasiingie ziwani mpaka mwenyeji awaonyeshe mahali, kwa sababu ya mamba.

Binti_Marsabit
Kuhusu Chalbi, dada, Desemba uliza kwanza kama mvua imenyesha. Mimi nilikwama pale. Juu unaona ganda jeupe la chumvi, kavu kabisa, gurudumu likipita linapasuka na chini ni tope kama uji. Tulichimba kwa sahani kuanzia saa nne hadi magharibi. Kukiwa na unyevu, nendeni Kulal badala yake. Mnatoka kwenye joto la jangwani mnaingia msitu wenye ukungu, watoto watadai masweta.

MamaZawadi
Asanteni kwa moyo wote. Na boti ya Kisiwa cha Kusini?

MzawaWaLoiyangalani
Hiyo inatokea huku, lakini saa ya kuondoka aseme nahodha. Akikataa, msimbembeleze wala msiongeze pesa. Ziwa hili hubadilika ghafla. Siku hiyo nendeni kwa Waelmolo. Wasalimieni wazee kwanza, mkubaliane malipo ya kijiji, ndipo mtoe kamera.

DerevaWaNyika
Njia: Isiolo, Laisamis, halafu Sarima. Jaza tangi Isiolo na ubebe mitungi ya akiba, pamoja na magurudumu mawili ya ziada. Ya Baragoi usiishike kabla ya kuuliza hali ya usalama.

MamaZawadi
Basi ni Waelmolo, Kulal, siku mbili Sibiloi, na moja ya boti nahodha akikubali. Nariokotome tutaenda likizo nyingine kupitia Lodwar. Mkubwa amenuna kidogo, sasa anauliza kama Koobi Fora anaweza kurudi na jiwe moja.

DerevaWaNyika
Aangalie, apige picha, achore akipenda. Kuokota hapana, hata kipande cha ukubwa wa ukucha. Anachokidhania jiwe pale huenda ni mfupa.