Sola inazidi mchana, usiku friza zinazima: betri au haidrojeni?

Mtu wa Mwaloni: Wakuu, heshima kwenu. Tuna kikundi cha wavuvi kwenye kisiwa kimoja Ziwa Victoria, gridi haijatufikia. Tumefunga paneli za kilowati 10 kwa ajili ya friza za samaki. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana umeme unazidi, inveta inaubana tu, unapotea bure. Usiku ndio balaa. Betri zetu za asidi zimechoka, saa nane friza zinazima, asubuhi sangara wamelainika na mnunuzi anashusha bei. Sasa kuna muuzaji anatuambia tuachane na betri, tununue mtambo wa kuzalisha gesi ya haidrojeni kutoka kwenye maji mchana na kuigeuza umeme usiku. Hela ni za wanachama. Naombeni ushauri.

Fundi Sola: Mkuu, piga hesabu. Tuseme ziada yenu ni uniti 20 kwa siku. Ukiziweka kwenye betri ya lithiamu ya LFP (aina yenye chuma na fosfeti), usiku unapata kama 18. Kwenye haidrojeni, kilo moja ya gesi inakula uniti 50 au zaidi kuizalisha, na kuigeuza tena umeme inakupa 16 hivi. Uniti zako 20 zinarudi 6 au 7! Gesi yenyewe ni gramu 400 tu, lakini isipokandamizwa inajaza karibu simtanki zima la lita 5,000. Kuikandamiza ni kompresa, nayo inataka umeme.

Wa Naivasha: Haidrojeni ina mahali pake, tusiitupe. Hapa Olkaria, Kenya, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, jotoardhi halilali, lakini usiku matumizi ya nchi yakishuka mvuke mwingine huachiliwa hewani. Ziada ya megawati namna hiyo inafaa haidrojeni, tena si ya kurudishwa kuwa umeme, bali ya kutengeneza amonia ya mbolea. Mkakati wa haidrojeni wa Kenya wa 2023 umeanzia hapo hapo kwenye mbolea. Wajerumani nao wanaitaka kwa sababu jua la kiangazi wanalihitaji wakati wa baridi, na betri za kukaa na umeme miezi ni ghali mno. Ndugu yangu, wewe uko karibu na ikweta, unavusha umeme usiku mmoja tu.

Shangazi Dagaa: Mwanangu, hiyo ziada ya mchana igandishie barafu kwanza. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza kilojuli 334 za joto, na usiku haihitaji inveta. Mpangeni sangara kwa matabaka, barafu chini, barafu juu, kwenye boksi lenye kuta nene, na maji yapate pa kutokea. Samaki akilala kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka anaharibika.

Mtu wa Mwaloni: Shikamoo shangazi, hilo la barafu tunalianza. Fundi, betri iwe ya ukubwa gani? Chumba chetu ni cha mabati.

Fundi Sola: Usibahatishe, funga mita kwenye laini ya friza usome usiku zinakula uniti ngapi. Zikiwa 10, chukua betri ya 14 au 15, msiimalize yote. Na usiiweke chini ya bati tupu, joto linaizeesha. Weka dari, toboa matundu ya hewa pande mbili. Huyo muuzaji muulize mambo mawili: maji yaliyosafishwa ya mtambo atayatoa wapi, na nani atakuja gesi ikivuja. Haina harufu, mwali wake mchana hauonekani, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha kuiwasha. Asipokuwa na majibu, msilipe hata kianzio.