Tako la raifo ya zamani: linsidi ya kuchemshwa, tung au vanishi? (niko Tanga)

mwana_raskazone
Salaam wakuu. Nina raifo ya .303 niliyoachiwa na baba mkubwa, leseni ishahamia kwangu kihalali, chuma kizima kabisa ila tako, yaani mbao yake ya kushikia, limechoka, vanishi inabanduka vipande vipande, na pale kwenye shingo karibu na chuma mbao imekuwa nyeusi tii, halafu kuna mibonyeo kama mitatu hivi. Mti ni walnati. Nataka nilipake mafuta, sitaki ling'ae kama kabati la sebuleni. Huku mjini nimepata linsidi (mafuta ya mbegu za kitani) mbichi na ile ya kuchemshwa, na kuna mtu wa Dar anaweza kuniletea mafuta ya tung (ya mbegu za mti wa Kichina). Seremala jirani anasema nipige vanishi tu, shangazi anasema mafuta ya nazi yanatosha. Kwa hewa yetu hii ya bahari mnashauri nini?

fundi_pangani
Nazi sahau mkuu, hayakauki hayo, si leo si mwakani, yatakaa mle yashike vumbi na mwisho yavunde. Mafuta ya mbao ni yale yakipigwa hewa yanaganda na kuwa magumu, linsidi na tung ndo tabia yao. Huku kwenye majahazi tunapaka sifa ya papa na mbao inakaa miaka, lakini harufu ile huwezi kuiweka shavuni wakati unalenga.

Linsidi mbichi inazama vizuri ila kukauka ni siku nyingi, saa nyingine wiki na zaidi, na kwenye unyevu ukungu unaipenda sana. Hii ya kuchemshwa ya dukani wala haijachemshwa, imetiwa dawa za madini za kukausha, kwahiyo mkono mmoja (yaani kupaka mara moja) unakauka siku moja au mbili. Mi ningechukua hiyo.

binti_chumbageni
Nafanya samani na milango ya zamani, nimetumia zote. Tung inazuia maji kuliko linsidi na haigeuki njano sana, ila ni ghali, inataka mikono mingi na kila mkono unauacha ukauke kweli. Na soma kopo kaka, mengi yameandikwa tung lakini ndani ni vanishi iliyochanganywa na thina. Ingekuwa meza ya kulia ningekwambia tung bila kufikiri. Ila kwa hilo tako linsidi ndo mahali pake, bunduki za jeshi la Uingereza zilikuwa zinapakwa hiyohiyo, na ukikwaruza unapaka palepale yanaisha.

nahodha_mstaafu
Msiidharau vanishi jamani. Vanishi ya boti inastahimili jua na chumvi, na mwenye kutembea na bunduki mvuani porini inamfaa kuliko mafuta.

binti_chumbageni
Kwenye maji nakubali mzee wangu. Shida ni ikipasuka, maji yanaingia chini yake na hayatoki, ndo hiyo inayobanduka kwa mwenzetu sasa hivi. Kuirekebisha ni kukwangua yote upya.

mzee_wa_handeni
Kijana, mnagombania mafuta wakati mbao haijasafishwa. Huo weusi wa shingoni ni mafuta ya bunduki, silaha ikisimamishwa mtutu juu miaka nenda rudi yale mafuta yanashuka yanaingia kwenye mbao na kuilainisha. Ukipaka linsidi juu yake haitashika. Toa tako kwenye chuma, chuma kibaki kimefungiwa nyumbani, silaha usiipeleke kwa seremala asiye na kibali. Vanishi itoe kwa dawa ya kubandua, usianze na msasa. Kisha chukua unga wa chaki, uchanganye na spiriti uwe kama uji mzito, paka pale peusi, weka juani. Chaki ikikauka itakuwa imegeuka kahawia kwa mafuta iliyonyonya, ipanguse, rudia mpaka ibaki nyeupe.

Mibonyeo usiikwangue. Lowesha kitambaa cha pamba, kiweke juu ya bonyeo, gusisha ncha ya pasi ya moto, utasikia chwaa, mvuke unaingia kwenye nyuzi zilizolala zinanyanyuka zenyewe. Palipokatika nyuzi hapatanyanyuka, paache, ni historia ya bunduki. Na mihuri iliyogongwa kwenye mbao usiiguse kwa msasa, wala kingo zinazokutana na chuma, ukizila zitabaki na mwanya.

mwana_raskazone
Shukrani sana mzee wangu. Msasa namba ngapi, na mikono mingapi?

fundi_pangani
Anza 220 umalize 320, fuata mkondo wa mbao. Katikati lowesha kwa kitambaa chenye maji, nywele za mbao zisimame, zikikauka upitishe tena. Mafuta paka kidogo, sugua kwa kiganja mpaka mbao ipate joto, subiri kama dakika 15 halafu futa yote yaliyobaki juu, ukiyaacha yatakuwa ulimbo na hutashika bunduki hiyo mwezi mzima. Wazee wana utaratibu wa kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi, kila mwezi kwa mwaka, baadaye mara moja kwa mwaka. Paka na ndani pia, kwenye mfereji wa mtutu, mana mbao ikinywa maji inavimba inasukuma mtutu na risasi inahama pale ulipolenga. Masika usianze, ngoja kaskazi.

binti_chumbageni
Na matambara jamani, hili watu wanalipuuza! Kitambaa kilicholowa linsidi ukikikunja ukakitupa pembeni kinajipasha joto chenyewe mpaka kinawaka, bila kiberiti. Kitandaze kimojakimoja nje kikauke kikakamae, au kitumbukize kwenye ndoo ya maji.

mwana_raskazone
Basi linsidi ya kuchemshwa, kesho natafuta chaki na dawa ya kubandua. Mzee wa Handeni, ile chaki ya ubaoni nikiisaga inafaa au niulize dukani ya rangi?

mzee_wa_handeni
Ya dukani ya rangi. Hiyo ya ubaoni siku hizi nyingi ni jasi, hainyonyi vile.