Mrejesho: Hatimaye mwanangu kapanda bembea

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama naweza kumpeleka uwanja wa watoto mtaani mwanangu wa miaka miwili anayetibiwa saratani ya damu. Asanteni sana. Nilianza kwa daktari, kama wengi mlivyosisitiza. Akaangalia kipimo cha chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, akaruhusu. Dada uliyesema twende mapema, ubarikiwe: saa moja asubuhi uwanja ulikuwa mtupu, nikafuta bembea kwa spiriti. Alicheka, jamani, kicheko nilichokuwa nimekisahau! Barakoa ndiyo ilishindikana, aliitupa mchangani. Saa mbili watoto wakaanza kujaa, mmoja ana mafua, tukaondoka huku analia. Usiku nikampima joto mara tatu kwa woga: nyuzi 36.8, hana homa. Jumamosi tunarudi, vipimo vikiruhusu.