Omaha 1944: mbeba simu ya upepo alistahilije nishani ya juu kabisa?

Mdau wa Upanga
Wakuu, salaam. John J. Pinder Jr., askari wa Marekani, aliuawa tarehe 6 Juni 1944, siku aliyotimiza miaka 32, katika Vita vya Pili vya Dunia, wakati Marekani na washirika wake wakitua Ufaransa iliyoshikwa na Wajerumani. Ufukwe aliotua uliitwa Omaha. Januari 1945 akatunukiwa Nishani ya Heshima. Maelezo ya nishani hayataji hata risasi moja aliyofyatua. Yanataja simu ya upepo tu. Kwa nini kifaa kile kilikuwa na thamani kiasi hicho?

Fundi Mitambo Kkoo
Mkuu, anza na manowari. Mpiga mzinga aliye baharini haoni vizuri kilicho juu ya miinuko. Anamtegemea mtu wa ufukweni amwambie apige mbali zaidi au apeleke kushoto. Simu zikifa, ama anyamaze ama ahatarishe kuwapiga wenzake. Rejimenti ya 116, jirani wa Rejimenti ya 16 ya Pinder, ilipoteza robo tatu ya simu zake. Ndiyo maana baadhi ya manowari zilisogea mpaka karibu kukwama mchangani, zikalenga kwa macho.

Simu zenyewe: SCR-536 ya mkononi ina kilo 2 na ushee, inafika kilomita moja na nusu hivi. SCR-300 ya mgongoni ina kilo 15 hadi 17, kilomita 5. SCR-284 inakaribia kilo 50, kwa hiyo watu kadhaa hugawana mtambo, jenereta ya kuzungusha kwa mkono, antena na nyaya. Aliyebeba jenereta akizama, mtambo uliofika salama haufanyi kazi. Maji ya chumvi yakiingia kwenye viunganishi, shoti. Hata ukikausha, chumvi inabaki ikila shaba.

Pinder alishuka botini mita 90 hivi kutoka nchi kavu, maji kiunoni. Hatua chache akajeruhiwa vibaya, lakini simu akaifikisha. Akakataa matibabu, akarudi majini mara 3, akatoka na vipuri vingi na simu nyingine nzima. Safari ya tatu rashasha ikampiga miguuni. Aliuawa akisaidia kuunganisha mawasiliano.

Mdau wa Upanga
Nimekuelewa. Ila kwa nini asitibiwe kwanza, vile vifaa vifuatwe baadaye?

Bamvua Kigamboni
Kaka, baadaye visingeonekana. Kikosi cha kwanza kilitua saa 12:30 asubuhi maji yakiwa yamekupwa, makusudi, ili vizuizi vya Wajerumani vionekane. Gharama yake ni mchanga mtupu wa mita 300 hivi mbele ya rashasha. Kisha maji yakaanza kujaa. Huku Dar bamvua, yaani maji makuu, inapanda mita 3 na kidogo. Kule inapita 6. Kilichoangukia maji ya kiunoni, baada ya muda mfupi kimefunikwa kabisa au kimesombwa.

Vifaru navyo havikuwepo vya kutosha kuwakinga. Batalioni ya 741 iliteremsha 29 vya kuelea mbali na pwani, 27 vikazama.

Fundi Mitambo Kkoo
Hapo umemaliza, Bamvua. Niongeze tu kwamba kwa matendo ya siku ile pale Omaha walitunukiwa watatu: Pinder, Luteni Jimmie Monteith, aliyeongoza vifaru viwili kwa miguu kupita uwanja wa mabomu ya kutegwa naye akauawa, na Carlton Barrett, aliyerudi majini tena na tena kuwaokoa waliokuwa wakizama. Barrett peke yake ndiye aliyeipokea nishani akiwa hai.