Asiyekunywa kahawa ashauriwe aanze? Tujadili faida za kahawa kwa kiasi

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, salaam. Kuna jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nimeona niliweke mezani.

Nilikaa miaka minne bila kugusa kahawa. Hakuna daktari aliyenikataza. Niliacha kwa sababu watu ninaowaheshimu walinirudia yale yale kila waliponiona na kikombe: itakuharibu moyo, itakukausha maji mwilini, mwisho wake saratani. Siku ya pili baada ya kuacha, kichwa kiligonga mpaka nikafunga mapazia mchana kweupe. Wakaniambia hiyo ndiyo sumu inatoka, nami nikaamini. Kumbe wapi. Adenosini ni kemikali ya ubongo inayotuletea uzito wa usingizi kadiri siku inavyokwenda, na kafeini, kile kichangamshi kilicho ndani ya kahawa, kazi yake ni kukalia nafasi zake. Ukiikata ghafla, mishipa ya damu ya kichwani hutanuka, na maumivu huanza kati ya saa 12 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Baada ya siku chache huisha yenyewe. Hilo hakuna aliyenieleza.

Hofu ya saratani ilikuwa na chimbuko lake. Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka kahawa kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani, kwa sababu ya saratani ya kibofu cha mkojo. Lakini mwaka 2016 wataalamu 23 waliketi upya, wakapitia tafiti zaidi ya 1,000, wakaiondoa kahawa kwenye kundi hilo. Onyo walilolibakiza ni la joto: kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda kinaleta saratani ya umio, hata kama ni maji matupu. Habari ya kwanza naisikia kila mahali. Ya pili nakutana na wachache sana waliowahi kuisikia, na hilo linaniuma.

Kisha mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio yaliyokusanya chambuzi 201 za tafiti. Wanaokunywa vikombe vitatu kwa siku walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 17 wakilinganishwa na wasiokunywa kabisa. Ukienda kwenye kisukari cha aina ya pili, kwenye ugonjwa wa ini, kwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka), mnywaji wa kiasi anaonekana ana nafuu.

Msimamo wangu basi ni huu. Kwanza, tuache kuwatisha watu wazima wenye afya. Pili, na hapa ndipo najua tutabishana, daktari amshauri hata asiyekunywa aanze na kikombe kimoja au viwili, kama anavyomshauri atembee na ale mboga. Karibuni.

Mtu wa takwimu

Ndugu mwanzisha mada, la kwanza nakuunga mkono. La pili hapana, na naomba uniruhusu nieleze taratibu maana nimeifanya kazi hii ya namba miaka mingi.

Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Wamarekani zaidi ya 400,000, wenye umri wa miaka 50 hadi 71. Watafiti walipowalinganisha kwa umri peke yake, wanywaji wa kahawa walikuwa wakifa zaidi ya wasiokunywa. Hapo ungeishia, ungeandika kichwa cha habari cha kutisha. Lakini wanywaji wengi wa kahawa walikuwa pia wavuta sigara. Sigara ilipoingizwa kwenye hesabu, pamoja na mambo mengine ya aina hiyo, jibu likapinduka: wanywaji sasa wakawa wanakufa kidogo kuliko wenzao. Watu ni wale wale, vikombe ni vile vile. Maswali machache tu yaligeuza hukumu nzima.

Sasa nakuuliza kwa heshima: ni maswali mangapi hayakuulizwa? Mtu akianza kuugua, kabla hata hajajua ana nini, kahawa mara nyingi ni kitu cha kwanza kumkinai. Huyo siku ya kuhesabiwa ataandikwa "hanywi". Akifa mwaka unaofuata, kifo chake kinahesabiwa upande wa wasiokunywa. Watafiti wazuri hujaribu kumwondoa mtu wa namna hiyo kwenye hesabu, ila hawezi kuondolewa kikamilifu.

Jambo jingine linalonizuia kusema "anzeni" ni kahawa iliyotolewa kafeini. Katika tafiti kubwa kadhaa, walioinywa hiyo nao walionekana kuwa na nafuu inayokaribiana na ya wenzao. Hapa kuna njia mbili. Ama faida iko kwenye vitu vingine vya buni, kama asidi ya klorojeni, ama iko kwenye maisha ya watu wenyewe na kahawa imekaa tu pembeni. Mimi naelekea njia ya kwanza kwa upande wa ini na kisukari, kwa kuwa matokeo yanajirudia nchi baada ya nchi, na kila kikombe kinachoongezeka kinakwenda na hatari pungufu kidogo. Lakini kuelekea si kuthibitisha, na ushauri wa daktari kwa mtu asiye na kiu ya kahawa unahitaji uthibitisho.

Nesi wa zamu ya usiku

Nimesoma wote wawili. Mnahesabu vikombe, hakuna aliyetaja saa.

Nimefanya zamu za usiku kwa miaka kumi na moja na kahawa imenibeba, sitaisema vibaya. Ila nataka watu wajue inavyokwenda mwilini. Kafeini hupungua kwa nusu kwa takriban saa tano, na saa hizo hubadilika sana mtu na mtu. Mvuta sigara ini lake huisafisha haraka. Anayetumia vidonge vya kupanga uzazi huchelewa nayo. Kwa hiyo wale wanaosema "mimi nikinywa jioni nalala vizuri tu" huenda wanasema kweli, lakini wasimpe mwingine ushauri huo. Na hata wao sina hakika wanalala vizuri. Mwaka 2013 ulifanyika utafiti ambamo watu walipewa miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala, na wakapoteza usingizi wa zaidi ya saa nzima.

Ndugu wa takwimu, ushahidi wa majaribio halisi upo, japo ni mdogo. Mwaka 2023 watu wazima 100 walifuatiliwa kwa siku 14, kila siku wakipokea ujumbe wa simu wa kuwaambia wanywe au wasinywe, huku wamevaa vipimo vya moyo, hatua na usingizi. Siku za kunywa, mapigo ya ziada yanayotoka vyumba vya juu vya moyo hayakuongezeka kwa kiasi cha maana. Yale ya vyumba vya chini yaliongezeka. Walitembea hatua kama 1,000 zaidi, wakalala dakika 36 pungufu. Nikiusoma naona kikombe kinakupa kwa mkono huu na kukunyang'anya kwa huu. Anayelala saa tano kwa usiku, hizo dakika 36 hana pa kuzitoa.

Kifungua mimba

Mimi si mtaalamu, nasema ya nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa na upungufu wa damu usiokwisha. Vidonge vya madini ya chuma alimeza, mboga za majani na maharage alikula, damu ikipanda kidogo inashuka. Hapa nilipo namwona akisogeza sahani, anafuta mkono, anavuta kikombe. Kila mlo, bila kukosa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza anakunywa nini na saa ngapi.

Aliyekuja kumuuliza alikuwa daktari kijana, na akamweleza kwamba kahawa hushika madini ya chuma yatokanayo na mimea yasipenye kwenye utumbo. Nikatafuta nikakuta utafiti wa mwaka 1983: kikombe kimoja pamoja na mlo kilipunguza ufyonzwaji wa chuma kwa asilimia 39. Na cha ajabu, kikinywewa saa moja kabla ya chakula hakikuzuia chochote, ila kikinywewa saa moja baada ya chakula kilizuia vile vile kama kimenywewa pamoja nacho. Mama hakuacha kahawa. Aliihamisha, sasa anakunywa asubuhi kabla ya kula chochote, na mchana kati ya mlo na mlo, mbali na chakula. Damu yake imekaa sawa mwaka wa pili huu.

Kwa hiyo mwanzisha mada, ukimwambia mwanamke aliye kwenye umri wa hedhi "anza kahawa", mwambie na saa. La sivyo unamuumiza kwa nia njema.

Mpenda chungu

Naongeza mawili, haraka haraka. Sukari: wanaosema "kahawa ina faida" wanatia vijiko vitatu kila kikombe. Vikombe vitatu ni vijiko tisa vya chai, karibu gramu 36, na Shirika la Afya Duniani linasema ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku. La pili, kahawa isiyopitishwa kwenye karatasi ya kuchujia ina mafuta yaitwayo kafestoli, yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Utafiti wa Norway uliotolewa mwaka 2020, wa watu zaidi ya 500,000, uliona wanywaji wa kahawa iliyochujwa wakiwa na hali nzuri kuliko wa kahawa ya kuchemsha bila kuchuja. Mwenye lehemu ya juu achuje.

Mwanzisha mada

Nimekaa na maneno yenu siku mbili kabla ya kujibu.

Ndugu wa takwimu, la pili nalirudisha. Nililinganisha kahawa na kutembea, na hazilingani: kutembea kumejaribiwa na kupimwa, kahawa kwa sehemu kubwa imetazamwa tu. Asiyeipenda aachwe. Ila la kwanza nalishikilia kwa mikono miwili. Mtu mzima mwenye afya anayekipenda kikombe chake si haki kumtisha kwa tangazo lililofutwa mwaka 2016. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishatoa kipimo mwaka 2015: miligramu 400 za kafeini kwa siku, na si zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja. Kikombe kikubwa cha kahawa ya kuchuja huwa na karibu 95. Hapo kiasi kina namba, tusiseme tena "usizidishe" halafu tukanyamaza.

Kifungua mimba, habari ya mama imenigusa. Mimi nami nilikuwa nikinywa juu ya chakula.

Dada nesi, nina swali. Shemeji yenu ana mimba ya miezi mitano na hawezi kuianza asubuhi bila kikombe. Akatazwe?

Nesi wa zamu ya usiku

Asikatazwe kwa ukali, apunguziwe. Kwa mjamzito mamlaka hiyo hiyo imeweka miligramu 200 kwa siku nzima, na humo chai, soda za kola na chokoleti nazo zinahesabiwa. Sababu ni kwamba mimba ikikua ini huchelewa kuisafisha kafeini: zile saa tano hufika hata 15 miezi ya mwisho, na mtoto tumboni hana uwezo wa kuisafisha mwenyewe. Kikombe cha asubuhi kidogo kibaki. Kama ana cha pili, kiwe cha kahawa isiyo na kafeini, na ashuke polepole kwa wiki moja au mbili ili kichwa kisimgonge kama kilivyokugonga wewe. Na amweleze mkunga wake anakunywa kiasi gani, asingoje kuulizwa.